Kikilia, Usichimbe

Kwanza nilizima simu.
Lusajo alinifundisha hivyo siku ya kwanza kazini:
kikilia, usichimbe. Jikague.
Nikatoa funguo, nikavua mkanda,
nikavua viatu vya kazi vyenye ncha ya chuma,
nikabaki peku kwenye udongo mwekundu wa Pugu Kajiungeni,
suruali nimeishika kwa mkono mmoja,
na bado kifaa kinalia.

Tulikuwa tunatafuta bikoni:
nondo fupi, kama kutoka kiwiko hadi kidole,
iliyozikwa mwaka tisini na moja na watu wa ardhi
ambao nusu yao nao wameshazikwa.
Upande huu wa michongoma, Bi Mwamvita Pazi,
kwenye kiti cha plastiki, risiti zake ndani ya mfuko wa rambo.
Upande ule Bwana Mutalemwa, mstaafu wa bandari,
amesimama kama anayesubiri kuhesabiwa.
Miaka sita hawajasalimiana,
kwa ajili ya hatua mbili na nusu.

Pii, upande wa mama. "Si mmesikia!"
Pii, upande wa baba. "Andika hapo, kijana, andika!"
Kila mmoja alikuwa kiziwi
kikilia kwa mwenzake.

Nikapunguza ukali, kutoka tisa hadi sita.
Kelele ikakonda, haikufa.
Nikainua sahani juu kabisa, mbali na ardhi,
kikalia huko huko hewani,
kana kwamba kuna mtu kafukia kitu mawinguni.
Ndipo nikatazama juu.
Nyaya za umeme, zimelegea kati ya nguzo na nguzo,
zinanguruma ule mngurumo
ambao wenye nyumba wameuzoea hadi wanauita ukimya.
Nikasogea. Nikabadili masafa.
Nikakaza waya uliokuwa unacheza kwenye mpini,
kumbe nao ulikuwa na maneno yake.
Nikabadili betri, zile za dukani kwa Mangi
zinazokufa kabla hujamaliza kuzisifu.

Halafu udongo. Udongo wa Pugu una chuma chake,
huwezi kuugombeza.
Unashusha sahani, unainua, unashusha,
unakiambia kifaa polepole kama mtoto mgeni:
huu ni udongo, huu ni udongo tu,
mpaka kiache kushangaa.

Kikatulia.
Nikasikia kuku. Nikasikia Lusajo akikunjua ramani.

Sasa nikapita mara mbili kila mahali,
kutoka kwenye choo kwenda barabarani, kisha kwa kukata.
Sauti inayokatika ni takataka: kizibo cha soda,
kipande cha bati, mkono wa sufuria.
Sauti inayorudi ile ile, ukija huku, ukija kule,
hiyo ina mwenyewe.

Ilirudi ile ile chini ya kiti cha Bi Mwamvita.
"Nisimame kwa nini?" akasema. Akasimama.
Nikachimba. Nondo.
Ilirudi ile ile miguuni pa Bwana Mutalemwa,
hatua mbili na nusu kamili.
Nikachimba. Nondo.

Nikazilaza pamoja juu ya gunia.
Hakuna hata moja iliyokuwa na kutu.
Ya baba ilikuwa na chokaa ya dukani kwenye ncha.

Na pale ramani ilipoonyesha, katikati ya mizizi,
kifaa hakikusema kitu.
Shimo la zamani, limejaa majani makavu.
Wale wa chuma chakavu walishapita, na mizani yao,
mwaka gani, nani ajuaye.

Lusajo akafunga daftari bila kuandika.
Mimi nikatafuta mkanda wangu.
Jua lilikuwa utosini, nyaya zinanguruma,
na hakuna aliyejua aangalie wapi.

"Yako ya milimita ngapi?"
akauliza Bi Mwamvita.

Bwana Mutalemwa akakohoa.
"Kumi na mbili."

"Ulinunua wapi?"

"Gongo la Mboto."

"Shilingi ngapi?"

Akataja.

"Wamekuibia," akasema mama,
akamsogezea kiti.